Siku Mtani Aliponishikia Kadi ya Mtihani

Niseme mapema: bado nina hasira. Wengine husubiri mambo yao yapoe ndipo wayaandike. Mimi nikisubiri haya yapoe sitaandika kitu, maana kila nikipita kwenye lile lango la chuo damu inanipanda upya.

Nilikuwa nasoma cheti cha maendeleo ya jamii, vipindi vya Jumamosi, hapa hapa Bagamoyo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikazaa. Mtoto alipofika miezi mitano nikajiandikisha, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa "siku hizi unafanya nini?" na kujibu "nipo tu." Mume wangu ni fundi bomba, wiki nzima yuko Dar. Nyumbani tulikuwa mimi, mtoto, na wifi yangu aliyekuwa anajifunza kushona mpaka Jumamosi.

Somo la kwanza lilikuwa Misingi ya Sosholojia. Mwalimu alikuwa kijana mwenye mashati yaliyonyooshwa hadi mikono imekaza kama kadibodi. Alitufundisha kwamba elimu hii ya jamii ilizaliwa Ulaya, baada ya mapinduzi mawili. Moja ni la mashine: watu wakaacha mashamba, wakajazana mijini kwenye viwanda, jirani hamjui jirani. La pili ni la Wafaransa waliomkata mfalme wao kichwa, kisha wakabaki wanatazamana: sasa tunamtii nani? Hapo ndipo wasomi wakaanza kujiuliza, watu wasiojuana, wasio na mfalme, wanashikiliwa pamoja na nini?

Swali nililipenda. Kusema kweli nililipenda sana. Nilikuwa namnyonyesha mtoto huku naliwaza.

Majina ya wasomi ndiyo yaliyonishinda, nikawapa yangu. Kulikuwa na Mzee wa Ndevu, aliyesema usihangaike, tazama tu nani ana mashine na nani ana mikono mitupu. Kulikuwa na Mzee wa Ofisi, aliyesema dunia mpya inaendeshwa na kanuni na mafaili, na kanuni haitazami uso wa mtu. Na kulikuwa na Mzee wa Nguvu. Huyu alisema jamii ni kitu kilicho nje yako kabisa, hukukiumba, hukioni, lakini kinakusukuma kama mkono mgongoni. Akaongeza kwamba zamani watu walishikamana kwa sababu walifanana, na siku hizi wanashikamana kwa sababu kila mmoja anahitaji kazi ya mwenzake.

Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na mstari mmoja: baadhi husema kadhi mmoja wa Afrika Kaskazini aliyaandika mambo ya mshikamano wa watu miaka mia kadhaa kabla yao. Mstari mmoja! Mzee wa Ndevu ana kurasa nne, kadhi wa watu ana mstari mmoja na "baadhi husema" juu yake.

Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza mwalimu: hiyo jamii ya jadi ya watu wanaofanana, ndiyo ipi? Mtaani kwetu nyumba ya kwanza ni ya Wazaramo, ya pili Wakwere, ya tatu Mnyamwezi ambaye babu wa babu yake alishuka na mizigo ya misafara na hakurudi, na dukani pembeni kuna Mhindi ambaye ukoo wake unauza unga pale tangu bibi zetu hawajazaliwa. Tulifanana lini?

"Usichanganye mada, dada," akasema. "Kwenye mtihani andika kilichomo kwenye notisi."

Sawa.

Sasa nimtaje aliyeniwezesha kukaa kwenye lile benchi. Alikuwa bibi wa nyumba ya pili, mjane, mwenye miwani minene na mbuzi watatu aliokuwa akiwagombeza kama wakwe zake. Kila Jumamosi saa mbili na nusu nampelekea mtoto, saa nane namchukua, ameoshwa, ameshiba, amelala. Hakuwa ndugu yangu. Hakutaka hata asante. Ukimwambia asante anakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Kwani mie mgeni hapa?"

Alifariki Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya mtihani wangu. Alimaliza kula, akajinyoosha, akaondoka. Mazishi yakapangwa Jumamosi baada ya adhuhuri. Mtihani ulikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi.

Mume wangu alisema kwenye simu, "Nenda kafanye mtihani wako, watakuelewa."

"Nani atanielewa? Wewe mtaa huu unausikia kwenye simu tu?"

Nikapanga mwenyewe. Alfajiri naingia msibani, nabeba maji, nakatakata vitunguu, naonekana. Saa mbili na nusu nachomoka. Saa tatu mpaka saa tano naandika. Saa sita nimerudi, jeneza halijatoka. Nani amepungukiwa? Hata leo nikiuangalia ule mpango sioni kosa lake, isipokuwa niliwasahau watani.

Kwa asiyejua: sisi Wazaramo na majirani zetu Wakwere ni watani wa Wanyamwezi, tangu enzi za misafara. Mnyamwezi alitembea miezi na mzigo begani mpaka huku pwani kwa watu asiowajua. Akifa huku, nani atamzika? Ndipo wakawekeana utani. Mtani anakutukana, anakunyang'anya kitu, anakucheka siku unayolia, na wewe humkasirikii, lakini siku ya kufa ndiye anayeingia kaburini kukupokea. Msibani kwetu hawaji kukaa kinyonge. Wanavaa nguo za marehemu, wanaigiza sauti yake, wanadai chakula, wanashika vitu vya watu mpaka wakombolewe. Na sharti ni moja tu: usikasirike.

Saa mbili na nusu nilimkabidhi wifi yangu mtoto, nikavaa viatu mlangoni, daftari nimelibana kwapani ndani ya khanga. Nikasikia nyuma yangu sauti ya marehemu.

"We mbuzi we! Unakwenda wapi nami sijakuruhusu?"

Nikageuka. Alikuwa yule mama wa Kinyamwezi wa nyumba ya tatu, muuza vitumbua, mtu mzima wa kumwamkia. Alikuwa amevaa dera la marehemu na miwani yake, anatazama juu ya vioo vile vile kama mwenyewe. Uani wote wakaangua kicheko, wengine machozi bado yako mashavuni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mbuzi wangu. Unakimbilia wapi na viatu? Maiti yumo ndani."

"Nina mtihani, bibi. Narudi sasa hivi."

"Wa nini?"

"Sosholojia."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Elimu ya jamii. Namna watu wanavyoishi pamoja."

Nilijua nimekwisha kabla sijafunga mdomo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anamenya viazi aliangusha kisu kwa kucheka.

"Jamani njooni msikie! Anatoroka msibani akasome watu wanavyoishi!"

"Kwani sisi hapa tunaishije, shoga? Hatutoshi?"

"Wazaramo bwana! Mpaka wafundishwe kukaa!"

Mtani akanivuta daftari kwapani. Kadi yangu ya mtihani ilikuwa imebanwa ndani, yenye picha na muhuri. Akaichomoa, akaisogeza karibu na ile miwani isiyo yake.

"Huyu kwenye picha mbona amenuna hivi? Tumzike huyuhuyu." Akaitia kifuani, ndani ya dera. "Hutoki mpaka unisomee. Nataka nijue tunaishije."

Nilicheka. Naapa nilijitahidi kucheka. Nikasema moyoni, nimsomee dakika tano aniachie. Nikasoma haraka haraka, viatu miguuni, habari za mashine, miji, mfalme, na ule mstari wa kadhi.

"Wakamkata kichwa mfalme wao?" akauliza mmenya viazi.

"Ndiyo."

"Halafu nani akamzika?"

"Haikuandikwa."

"Wakakaa wakajiuliza mbona hatupatani!" akasema mwingine. "Si wangetafuta watani!"

"Na huyo kadhi wetu mbona umempita mbio?"

"Ana mstari mmoja tu."

"Mmoja? Basi hao walioandika kitabu hawana adabu. Rudia mstari wa kadhi."

Nikarudia mstari wa kadhi. Wakasema amina. Nikatazama simu: saa tatu kasoro dakika kumi. Nikamwambia mtani, "Bibi, nimesoma. Nipe kadi." Akasema bado sijamweleza yeye yumo ukurasa gani. Nikamwambia hayumo. Akashika kiuno. "Simo? Babu yangu katembea kutoka Tabora kwa miguu kuja kukaa na wewe, halafu simo? Basi na wewe humo kwenye mtihani." Kicheko kikapanda tena.

Saa tatu kamili. Niliwaona wenzangu kichwani wakifunua karatasi.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Sikupiga kelele kwa utani. Nilipiga kelele kweli. Nilimwambia ni mzee asiye na haya, amekuja kutafuta ubwabwa kwenye mgongo wa maiti, na anirudishie kilicho changu. Nikatia mkono kifuani pake, nikaivuta ile kadi. Alipoyumba miwani ikamtoka, ikaanguka sakafuni, na kioo kimoja kikapasuka.

Miwani ya bibi yangu. Ile aliyokuwa akinitazama juu yake.

Uani pakanyamaza hadi nikasikia sufuria inavyochemka. Ajabu ni kwamba maneno yale yale, ningeyasema nikitabasamu, wangepiga vigelegele. Si maneno yaliyowanyamazisha. Waliona uso wangu.

"Huyu kakasirika kweli," mtani akasema, kwa sauti yake mwenyewe sasa, pole pole, kama mtu anayemwambia mwenzake mvua imeanza kunyesha.

Binti wa marehemu akatoka ndani. Ni mama wa watoto wanne, alikuwa hajasema neno tangu jana yake. Akaokota miwani, akaifuta kwa khanga, akanitazama. Afadhali angenizaba kibao.

Shangazi wa marehemu, kikongwe asiyeinuka mkekani, ndiye aliyehukumu. Aliyemkasirikia mtani msibani ana adhabu yake. Awahudumie watani wote uji kwa mkono wake, kwa magoti, mpaka waseme tumeshiba. Ndivyo ilivyo. Nilikuwa nimeiona ikimpata mwingine, na nilicheka.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo linalonitia wazimu mpaka leo. Kadi nilikuwa nayo mkononi. Viatu viko miguuni. Mlango uko wazi, hakuna aliyenishika, na bodaboda wako pale nje wanaongea. Saa tatu na dakika tano. Mlango wa chumba cha mtihani unafungwa saa tatu na nusu. Ningetoka tu. Nani angenizuia?

Miguu ilikataa. Niliiambia twende, ikakataa. Nikavua viatu, nikachukua upawa.

Mzee wa Nguvu, popote alipolala, ajue nilimsoma vizuri. Lakini yeye aliandika kama mtu anayetazama nje dirishani. Hakuandika inavyokuwa ukiwa umepiga magoti, uji unakuunguza vidole, maziwa yanakutoka kwa sababu mtoto analia mikononi mwa wifi yako, na mtani anakunywa bakuli la pili kwa kupuliza.

Walikuwa watani saba. Yule mama alikunywa mabakuli matatu. La tatu alilinywa akinitazama, na nilijua anangoja nifanye nini. Nikamwambia, "Bibi, tumbo lako hilo tulipimie kwa debe." Akacheka mpaka uji ukampalia. Akaniwekea mkono kichwani. "Haya, tumemalizana. Kimbia."

Nilifika chuoni saa tatu na dakika hamsini, nikinuka moshi, kifua kimelowa. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa anasimamia. Akatoka nje ya mlango, akaurudishia nyuma yake.

"Dada, umechelewa dakika ishirini baada ya mlango kufungwa."

"Nina msiba, mwalimu."

"Pole sana. Nani?"

"Jirani."

Nikamwona anavyotafuta mahali pa kuliweka neno hilo, asipaone. "Pole," akarudia. "Lakini kanuni ni nusu saa."

"Mwalimu, unanijua. Nakaa benchi la mbele. Nakuuliza maswali kila wiki mpaka unachoka."

"Nakujua. Kanuni ndiyo haikujui. Na wala hainijui mimi. Nikikuingiza wewe, wiki ijayo atakuja mwingine."

Hakuwa na roho mbaya, ndilo linaloudhi. Alisema kama anavyofundisha, kwa upole, na kila alichosema kiko kwenye daftari langu, ukurasa wa Mzee wa Ofisi. Nikamwambia, "Kumbe uliyaamini kweli yale." Akanitazama kama hajaelewa. Akarudi ndani.

Nilisimama pale nje nikiwa na watu wawili wa kuwachukia na nikashindwa kuchagua. Mmoja anashika kitu changu cha maana na kukifanya mchezo. Mwingine hawezi kucheza hata kidogo, hata kwa dakika ishirini. Na mimi niko kati yao kama nguo inayokamuliwa na watu wawili. Wanasema kwenye notisi kwamba mtu anatoka jamii ya zamani anaingia jamii mpya, kama anayevuka barabara. Uongo. Zote mbili zilinitaka asubuhi ileile, na zote mbili zilinitoza.

Nilirudi msibani. Jeneza lilipotoka nililia sana, na wanawake wakanishika mabega wakijua namlilia bibi. Mwanzoni nilikuwa naulilia mtihani. Katikati nikakumbuka Jumamosi ijayo, nitakavyotoka nyumbani na mtoto na nyumba ya pili haina mtu, na hapo kilio kikawa chake kweli.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwao kuomba mtihani wa marudio. Karani, mama mmoja mwenye ushungi wa kijani, akanipa fomu. Sababu zimeandikwa zenyewe, unatia alama: ugonjwa, kujifungua, kifo cha mzazi, cha mwenza, cha mtoto, cha ndugu wa damu.

"Jirani iko wapi?"

"Haipo. Tia ndugu wa damu, andika shangazi. Mwenyekiti wa mtaa anakuandikia barua, wiki mbili unafanya mtihani wako."

"Hakuwa shangazi yangu."

"Mwanangu, wote wanaandika shangazi. Faili zile pale zote ni mashangazi. Mji huu ungekuwa na mashangazi wengi hivyo tungekosa pa kuwazika."

Alikuwa ananisaidia. Najua. Kalamu ilikuwa mkononi, na ningetia ile alama ningekuwa nimeshamaliza kozi sasa hivi na kupata pa kufanya kazi. Badala yake nikachora mstari chini ya orodha na kuandika kwa herufi kubwa: JIRANI. Nikageuza karatasi, nikaandika nyuma yake alikuwa nani, alimshika nani, siku gani, kuanzia saa ngapi. Nikaandika na habari za utani, na kwa nini mtu mwenye kadi mkononi na mlango wazi anaweza kushindwa kutoka. Nilijaza ukurasa. Ilikuwa ndiyo karatasi yangu ya mtihani, nikitaka kusema kweli, na iliandikwa vizuri kuliko ambavyo ningeandika Jumamosi.

Karani akaisoma yote. Akavua miwani, akanitazama. "Hii itakataliwa."

"Ikataliwe."

Ikakataliwa. Barua ilikuja baada ya wiki tatu, maneno machache: sababu iliyotolewa haimo miongoni mwa zinazokubalika, mwanafunzi atarudia somo mwaka unaofuata. Mume wangu alisema nina kiburi. Nilimwambia ndiyo, nikakata simu.

Kesho yake binti wa marehemu alinikuta barazani, barua nimeiweka pajani, mtoto anaitafuna ncha. Hatukuwa tumezungumza vizuri tangu ile miwani. Akaketi. Nikampa asome. Akaisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Si ungeandika shangazi tu?" akasema. "Mama asingekataa. Angejisifu."

"Shangazi zangu ninao watatu," nikamwambia. "Wote wazima, wote wako hapa hapa Bagamoyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunishikia mtoto saa moja nikasome. Niwape wao sifa za mama yako kwenye karatasi ya serikali?"

Akamnyang'anya mtoto ile barua iliyolowa mate, akaikunja, akaitia kwenye pindo la khanga yake, akasema hiyo ataiweka yeye.